Arifa za Printa Kwenye Seva ya CUPS: Zikikosekana, Zikifurika au Zikipotea Njiani

Seva ya CUPS (programu inayosimamia printa na foleni za uchapishaji) haipeleki arifa kwa sababu tu jambo limetokea kwenye printa. Hupeleka pale palipo na usajili (ombi la kupewa arifa ambalo seva imelihifadhi) unaolitaja tukio hilo, unaoihusu printa au kazi hiyo, na ambao muda wake haujaisha. Kichujio chote kimo ndani ya usajili huo, na kinakaa kwenye seva, si kwenye kompyuta ya anayepokea. Anayeanza kukagua faiwoli, swichi na nyaya kabla ya kuusoma usajili kama seva inavyoujua, mara nyingi anatafuta tatizo mahali lisipo.

Maelezo haya ni ya CUPS kwenye Linux, inayofuata nyaraka za viwango vya IPP, itifaki ya uchapishaji kwa mtandao: RFC 3995 (matukio na usajili) na RFC 3996 (njia ya ippget, ambapo mpokeaji huvuta arifa mwenyewe), zote za mwaka 2005. Mwishoni kuna sehemu fupi ya seva za Windows, ambazo zina mtindo wao.

Kichujio kinachuja nini

Kwanza, `notify-events`, yaani orodha ya matukio. Pili, eneo: usajili ukielekezwa `ipp://localhost/` unashika seva nzima, ukielekezwa `ipp://localhost/printers/uhasibu` unashika foleni hiyo moja, usajili wa kazi unashika kazi moja tu. Tatu, muda wa usajili kwa sekunde, `notify-lease-duration`.

Majina ya matukio yana ngazi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. `printer-state-changed` limebeba ndani yake `printer-stopped`, `printer-restarted` na `printer-shutdown`. `job-state-changed` limebeba `job-created`, `job-completed` na `job-stopped`. Lakini `job-progress` na `job-config-changed` hayamo humo. Yasipotajwa kwa jina hayaji. CUPS ina nyongeza zake pia, kama `server-started` na `server-stopped`, na inakubali neno `all`, ambalo ni afadhali lisionekane kabisa kwenye seva inayofanya kazi.

Kuna ambayo kichujio hakiyawezi. Huwezi kuiambia seva ikuletee kazi za idara fulani tu, au kazi zinazozidi kurasa 50. Hakuna sifa ya kufanya hivyo. Unachoweza ni kuunda usajili wa kazi pamoja na kazi yenyewe inapotumwa, au kutia alama yako kwenye `notify-user-data`. Alama hiyo hurudi ndani ya kila arifa, na mpokeaji huitumia kujua aipeleke wapi. Mwisho wake ni baiti 63. Ikizidi, ombi linakataliwa.

Hatua ya kwanza kwa dalili yoyote: uone usajili

Andika faili `orodha.test` lenye maneno haya:

```
{
  NAME "Orodha ya usajili"
  OPERATION Get-Subscriptions
  GROUP operation-attributes-tag
  ATTR charset attributes-charset utf-8
  ATTR language attributes-natural-language en
  ATTR uri printer-uri $uri
  ATTR name requesting-user-name $user
  ATTR keyword requested-attributes all
}
```

Kisha, ukiwa kwenye seva yenyewe:

```
ipptool -tv ipp://localhost/ orodha.test
```

Katika majibu tafuta `notify-subscription-id`, `notify-events`, `notify-printer-uri` au `notify-job-id`, na `notify-recipient-uri` au `notify-pull-method`. Jibu likiwa na `notify-lease-expiration-time` na `notify-printer-up-time`, toa ya pili kwenye ya kwanza. Tofauti ni sekunde zilizobaki kabla usajili haujafa.

Ukiona namba ya usajili lakini `notify-events` na mwenye usajili havionekani, usidhani havipo. Sera ya kawaida ya CUPS huvificha kwa mtu asiye mwenye usajili wala msimamizi (`SubscriptionPrivateValues`). Rudia amri kama msimamizi. Sera hiyohiyo humruhusu mwenye usajili na msimamizi peke yao kufanya `Get-Notifications`, `Renew-Subscription` na `Cancel-Subscription`. Kwa hiyo programu iliyojisajili kwa jina moja, kisha ikahamishiwa akaunti nyingine ya huduma, itakataliwa hata kama namba ya usajili ni sahihi.

Dalili: hakuna arifa hata moja tangu mwanzo

Kama usajili haumo kwenye orodha, ombi lilikataliwa. Washa logi ya kina kwa `cupsctl --debug-logging`, rudia ombi, kisha soma `/var/log/cups/error_log`. Malalamiko ya aina tatu hujirudia.

Seva ikisema aina ya URI (anwani ya kupelekea arifa, `notify-recipient-uri`) haijulikani, maana yake hakuna programu yenye jina hilo ndani ya `/usr/lib/cups/notifier` (kwenye baadhi ya mifumo saraka huwa kwingine), au ipo lakini haina ruhusa ya kutekelezwa. `mailto:` inahitaji programu `mailto`, `dbus://` inahitaji `dbus`, `rss://` inahitaji `rss`. Kwenye usambazaji wa Linux uliopunguzwa ukubwa, hizi huweza kuwa zimeachwa.

Seva ikisema usajili umezidi, nenda kwenye dalili inayofuata.

Ikisema `notify-events` haikutajwa, itaje. Hata pale CUPS inapokubali kukuchagulia, usiiachie: usajili wa kazi usiotaja tukio hupewa `job-completed` peke yake, na mtu hukaa akisubiri taarifa za kati ambazo hazitakuja.

Kama usajili umo na unaonekana sawa, angalia eneo. Kosa la kawaida ni kusajili printa mwanachama huku watumiaji wakituma kazi kwenye klasi (kundi la printa linalotumika kama foleni moja). Kazi hiyo huingia kwa jina la klasi, na usajili wa printa mwanachama unaweza kukosa sehemu ya matukio yake, hasa `job-created`. Sajili klasi yenyewe, au seva nzima.

Eneo likiwa sahihi, mchunguze mjumbe, yaani ile programu inayosukuma arifa. Mistari yake kwenye logi huanza na `[Notifier]`. Ukiona taarifa kwamba mjumbe wa usajili fulani ameondoka na seva inajaribu tena, programu inaanguka. Kwa barua pepe, fungua `/etc/cups/mailto.conf`: lazima kuwe na `SMTPServer` au `Sendmail` inayofanya kazi kweli, na `From` inayokubaliwa na seva ya barua. Jaribio la haraka ni `lp -m faili.txt`, linaloomba barua kazi ikikamilika. Isipofika, tatizo liko upande wa barua na kichujio hakina hatia.

Kwa D-Bus (njia ya programu za kompyuta moja kupeana ujumbe), sikiliza moja kwa moja:

```
dbus-monitor --system "interface='org.cups.cupsd.Notifier'"
```

Hapa kuna mtego usiojulikana sana. Ishara za D-Bus hutangazwa kwenye basi la mfumo mzima, hazipelekwi kwa mtu mmoja. Programu iliyosajili `job-completed` pekee inaweza kusikia `JobCreated` kwa sababu programu nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo ilisajili tukio hilo. Siku ile nyingine ikifungwa, ya kwanza inanyamaza, na msimamizi huanza kutafuta mabadiliko ambayo hakuna aliyeyafanya. Kila programu ijisajilie yenyewe kila inachokihitaji.

Dalili: zilikuwa zikifika, zikakatika

Zikikatika baada ya takribani saa 24, usihangaike: muda wa usajili umeisha. Chaguo-msingi la `DefaultLeaseDuration` ni sekunde 86400. Programu inapaswa kutuma `Renew-Subscription` ikifika nusu ya muda, si dakika ya mwisho. Kuomba sekunde 604800 hakusaidii kama msimamizi ameweka `MaxLeaseDuration` ya chini. Seva hupunguza muda hadi kikomo chake bila kulikataa ombi. Soma muda halisi uliopewa kwa `Get-Subscription-Attributes`. Usajili wa kazi wenyewe hauhuishwi. Unaishi na kazi na kufa nayo, na ukijaribu kuuongezea muda utapata kosa.

Zikikatika baada ya printa kufutwa na kuongezwa upya, hata kwa jina lilelile, usajili wa foleni ya zamani ulifutwa pamoja nayo. Mafundi hupenda kufuta na kuongeza printa kama tiba ya kila kitu. Basi wakumbuke kuwasha upya programu zinazosikiliza. Usajili wa seva nzima hauathiriwi na hilo, na kwa mfumo wa ufuatiliaji ni chaguo bora kwa sababu hiyo peke yake.

Zikikatika mara seva inapowaka, tazama saa. Muda wa kuisha huhifadhiwa kwenye `/etc/cups/subscriptions.conf` kama muda wa Unix (sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970). Vifaa vidogo kama Raspberry Pi visivyo na betri ya saa huweza kuwaka na tarehe ya nyuma, programu ikajisajili, kisha NTP (huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao) ikairusha saa mbele, na usajili wote ukahesabiwa kuwa umepitwa na wakati. Fanya huduma ya CUPS isubiri saa ilinganishwe kwanza.

Zikikatika kwa watumiaji wapya tu huku wa zamani wakiendelea kupata, kikomo kimefikiwa. `MaxSubscriptions` ni 100 kwa chaguo-msingi. Kila mtu anayeingia kwenye eneo-kazi kama GNOME anaweza kuongeza usajili wa `dbus://`, na programu inayoanguka haifuti wa kwake. Unabaki hadi muda uishe. Kwenye seva ya maabara ya kompyuta au ya vituo vya mbali, 100 hujaa bila mtu kuona. Kwenye `/etc/cups/cupsd.conf` weka, kwa mfano:

```
MaxSubscriptions 500
MaxSubscriptionsPerUser 10
MaxLeaseDuration 86400
```

Mstari wa tatu ndio wenye uzito. Chaguo-msingi lake ni 0, yaani hakuna kikomo, na programu inayoomba muda wa 0 hupata usajili usiokufa. Kupandisha `MaxSubscriptions` hadi 500 peke yake ni kuahirisha tatizo lilelile.

Kusafisha mabaki, fuata mpangilio huu:

1. `systemctl stop cups.service cups.socket cups.path`. Ukisimamisha huduma pekee, soketi huiamsha tena mara mtu anapotuma kazi.
2. Nakili `/etc/cups/subscriptions.conf` mahali salama.
3. Futa faili hilo pamoja na `subscriptions.conf.O`. Ukilifuta la kwanza tu, CUPS husoma nakala ya `.O` na mabaki yote yanafufuka.
4. Washa tena vyote vitatu, kisha uwashe upya programu zinazojisajili.

Usilihariri faili hilo huku `cupsd` ikifanya kazi. Itaandika juu ya mabadiliko yako.

Dalili: mafuriko

Karibu kila mara sababu ni `all`, au `printer-state-changed` kwa mtu asiyeihitaji. Kila sababu ya hali ya printa inapoongezwa au kuondolewa, hilo ni tukio. Mfumo wa nyuma unaozungumza na printa kwa mtandao huongeza `connecting-to-device` ukianza kuunganisha, kisha huiondoa. Printa yenye wino kidogo hutangaza na kurudia kutangaza kadiri draiva inavyosoma hali yake. Kazi ya ukurasa mmoja inaweza kuzaa msururu mzima, na kwa kuwa mjumbe wa `mailto` huandika barua kwa kila tukio, sanduku la barua hujaa kabla ya saa ya chakula.

`notify-time-interval` haitakuokoa. Kwa kiwango cha RFC 3995, sifa hiyo inahusu `job-progress` pekee: inapunguza kasi ya taarifa za kurasa zinazotoka, haigusi hali ya printa.

Dawa ni kugawa usajili kwa kazi ya mpokeaji. Mtumiaji wa kawaida apewe usajili wa kazi yake mwenyewe wenye `job-completed` na `job-stopped`. Mfumo wa hesabu za uchapishaji upewe `job-completed` ya seva nzima na basi. Programu inayoonyesha orodha ya printa inatosheka na `printer-added`, `printer-deleted` na `printer-modified`. `printer-state-changed` ibaki kwa mfumo wa ufuatiliaji wa mafundi, ambao ndio uchuje `printer-state-reasons` kwa viambishi vya mwisho: `-report` iache, `-warning` ihifadhi, `-error` imwite mtu. Mchujo huo wa mwisho hufanyika kwa mpokeaji, kwa kuwa seva haiufanyi.

Mfano wa kuunda usajili mwembamba wa kuvutwa kwa ippget:

```
{
  NAME "Usajili mwembamba"
  OPERATION Create-Printer-Subscriptions
  GROUP operation-attributes-tag
  ATTR charset attributes-charset utf-8
  ATTR language attributes-natural-language en
  ATTR uri printer-uri $uri
  ATTR name requesting-user-name $user
  GROUP subscription-attributes-tag
  ATTR keyword notify-pull-method ippget
  ATTR keyword notify-events job-completed,printer-stopped
  ATTR integer notify-lease-duration 3600
}
```

Dalili: karatasi imeisha na hakuna aliyejulishwa

Huu ni upande wa pili wa mafuriko: mtu amechuja kupita kiasi. Kwa kuogopa kelele amesajili `printer-stopped` pekee, akidhani karatasi ikiisha printa "imesimama". Kwa CUPS, foleni kwa kawaida hubaki kwenye hali ya 4 (inachapisha), na kinachobadilika ni `printer-state-reasons`, inayopata `media-empty` au jamaa yake. Hali ya 5 (imesimama) huja foleni yenyewe inapozuiwa. Kwa hiyo tukio linalotokea ni `printer-state-changed`, na kichujio cha `printer-stopped` hulitupa kihalali kabisa.

Hata hitilafu kubwa zaidi hutegemea sera ya makosa ya foleni. Ikiwa ni `stop-printer`, foleni husimama kazi ikishindwa na tukio linatoka. Ikiwa ni `retry-job` au `retry-current-job`, CUPS hujaribu tena bila kusimamisha foleni, na `printer-stopped` haitatokea hata printa ikikaa imezimwa tangu asubuhi. Angalia `ErrorPolicy` ndani ya `/etc/cups/printers.conf`, na kubadilisha tumia:

```
lpadmin -p uhasibu -o printer-error-policy=stop-printer
```

Ila fikiri kwanza. Foleni iliyosimama inahitaji mtu wa kuiwasha kwa `cupsenable uhasibu`. Kwenye tawi lisilo na fundi ni heri `retry-job` pamoja na usajili mpana zaidi.

Dalili: namba za mfuatano zinaruka

Kila arifa ina `notify-sequence-number` inayoongezeka kwa moja ndani ya usajili wake. Ukiwa umesoma hadi 214, kisha jibu linalofuata likaanza na 260, matukio 45 yametupwa. Hii inawahusu wanaovuta kwa `Get-Notifications`. Seva huweka matukio machache tu kwa kila usajili, `MaxEvents`, ambayo ni 100 kwa chaguo-msingi. Likiingia la 101, la zamani kuliko yote hutoka.

Kazi mbili za kurasa 60 zikipita kati ya uliza na uliza, kwa usajili wenye `job-progress`, zimeshavuka kikomo hicho. Ondoa `job-progress` kwanza. Kisha heshimu `notify-get-interval` inayokuja ndani ya jibu, ambayo ni idadi ya sekunde za kusubiri kabla ya kuuliza tena. Programu yenye saa yake ya dakika tano itapoteza matukio tu. Kupandisha `MaxEvents` hadi 500 kuwe hatua ya tatu, maana ni kumbukumbu mara idadi ya usajili. Katika ombi, taja `notify-sequence-numbers` kuwa namba ya mwisho uliyosoma ukiongeza moja, la sivyo utaletewa yaleyale.

Matukio haya hukaa kwenye kumbukumbu tu. `cupsd` ikiwashwa upya, usajili hurudi kutoka kwenye faili, lakini matukio ambayo hayakuwa yamevutwa hayarudi. Mpokeaji makini, akiona pengo au seva kuanza upya, huita `Get-Jobs` na `Get-Printer-Attributes` apate hali ilivyo sasa badala ya kukisia.

Dalili: arifa inasema imekamilika, karatasi haikutoka

`job-completed` haimaanishi imechapishwa. Hutokea kazi inapofika mwisho wowote: `job-state` 9 ni kukamilika, 7 ni kufutwa na mtumiaji, 8 ni kuvunjwa na mfumo. Mfumo wa hesabu unaomtoza mtu kwa kila `job-completed` humtoza na kwa kazi alizofuta. Soma `job-state` ndani ya arifa, na utoze kwa 9 tu.

Hata 9 ina mipaka yake. Kwa foleni ya `socket://` (bandari 9100), inaweza kumaanisha kwamba data yote imekabidhiwa kwa printa na muunganisho ukafungwa; karatasi ikikwama baada ya hapo, seva haina habari. Foleni ya `ipp://` huweza kuiuliza printa hadi kazi iishe kweli, hivyo kama printa inaunga mkono IPP, badilisha URI ya kifaa badala ya kuongeza vichujio.

Seva ikiwa ya Windows

Huko kichujio ni hoja za `FindFirstPrinterChangeNotification`: bendera za `fdwFilter`, kama `PRINTER_CHANGE_ADD_JOB`, na orodha ya sehemu mahususi za kazi au printa unazotaka. Programu inayopata arifa ya kwanza kisha ikanyamaza milele kwa kawaida haiiti `FindNextPrinterChangeNotification` baada ya kila ishara. Ikiiita na kukuta `PRINTER_NOTIFY_INFO_DISCARDED` kwenye `Flags`, baadhi ya arifa huenda zimepotea, na hakuna nyingine itakayokuja mpaka iite tena ikiwa na `PRINTER_NOTIFY_OPTIONS_REFRESH`.

Kazi zikichapishwa vizuri lakini arifa hazifiki kwenye kompyuta ya mbali, kumbuka kwamba kwa itifaki ya zamani ya MS-RPRN seva ndiyo inayofungua muunganisho wa kurudi kwa mteja. Faiwoli ya mteja ikizuia maombi yanayoingia, uchapishaji hauguswi ila arifa zinakufa. Itifaki ya MS-PAR haina shida hiyo, kwa kuwa mteja ndiye anayeuliza na seva hujibu tukio likitokea. Usifungue faiwoli kiholela kurudisha njia ya zamani: mwito wake wa usajili hutumiwa na wavamizi kuilazimisha seva ijitambulishe kwenye kompyuta waliyoichagua wao.